Mashimo Tisa ya Pweza

Bibi yangu hatumi ujumbe wa maandishi. Hata macho yake yalipokuwa mazima hakuwa na subira ya vidude hivyo. Humwita mpangaji mmoja pale kwake Likoni amshikie simu, yeye akasema yake, sauti ikarekodiwa na kutumwa. Basi juzi nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi, nakuna nazi jikoni kwangu Mtopanga, simu ikalia, nikaifungua. "Bamvua limefika," yasema sauti ya Bibi, "na mtoto nasikia amehitimu juzuu. Mlete akaonyeshwe. Mimi sina siku nyingi, nawe wajua." Kisha nikamsikia akimuuliza mpangaji, "Imekwenda? Kweli imekwenda?" Hapo sauti ikakatika.

Nikaisikiliza mara ya pili. Nikaweka nazi chini, nikakaa vivyo hivyo na machicha mikononi. Nikwambie ukweli, sahibu yangu, nilitamani simu ile ingepotelea njiani.

Huenda wewe hujui kuonyeshwa ni nini. Kwetu, kwa wanawake wa ule upande wa pwani ya Shelly, Likoni, mwamba ulikuwa na wenyewe. Si kwa hati, hapana, hakuna aliyekuwa na karatasi. Kila mwanamke alikuwa na mashimo yake ya pweza, aliyoonyeshwa na mamake au bibi yake, na hakuna mwingine aliyeyagusa. Msichana akishahitimu juzuu kwenye chuo cha Kurani alipelekwa mwambani bamvua la kwanza, akaonyeshwa shimo moja moja, akatajiwa majina yake. Tangu siku ile yakawa yake. Ya Bibi yalikuwa tisa, na mimi nilionyeshwa nikiwa na umri wa binti yangu sasa, miaka kumi na miwili.

Bamvua ni zile siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji yanapotoka mbali kabisa mpaka mwamba ukabaki mtupu. Utotoni mwangu zilikuwa siku za furaha kuliko sikukuu. Asubuhi nzima nyumba ilinuka mahamri na iliki, mbaazi zikitokota, na Bibi akitoka kila dakika kutazama bahari. Saa tatu ukiwasikia wanawake wanaitana uani kwa uani: "Yametoka! Mwangojani?" Tulifunga leso viunoni, tukashika mikonjo, ile miti iliyochongwa ncha ya kumtolea pweza, tukateremka. Ustadhi wetu wa chuo alikuwa akichukia bamvua, wallahi. Siku hizo darasa la wasichana lilibaki mikeka mitupu, naye akisimama mlangoni akitupigia kelele tunavyopita, "Mtamsomea pweza kaburini, siyo?" Tulicheka tukakimbia. Jioni alikula supu ya huyo huyo pweza na hakusema neno.

Sasa nikueleze mwamba ulivyokuwa, maana ukienda leo hutaniamini. Maji yaliyobaki kwenye vidimbwi yalikuwa safi mpaka hukujua yanaanzia wapi. Mara nyingi niliingiza mguu nikidhani ni pakavu. Matumbawe yalikuwa ya rangi ya haradali, mengine ya zambarau, mengine kijani cha bizari mbichi, mengine yametoa vidole, mengine mviringo kama mkate wa kumimina uliofura vizuri. Samaki wadogo wa manjano walijificha katikati ya vidole hivyo, ukipitisha kivuli tu wote wanaingia. Na sauti, sahibu yangu! Mwamba ulikuwa ukilia. Ukiinama ulisikia tik-tik-tik kila upande, mambo ya kamba na kaa na visivyojulikana. Bibi alisema mwamba unapika.

Yeye hakuruhusu mtu kukanyaga tumbawe. Tulipita kwenye mchanga katikati, mguu mbele ya mguu, na ukikosea alikuchapa mkonjo wa kisigino. "Hicho kina roho! Wewe ukikanyagwa utapenda?" Sisi watoto tulidhani ni maneno ya wazee tu, jiwe litakuwaje na roho.

Shimo la pweza hulijui mpaka uonyeshwe. Ni tundu tu kama matundu mengine. Lakini mlangoni pake utaona maganda ya kaa na chaza, meupe, mapya, na vijiwe vimepangwa, maana pweza akishakula hutupa taka zake nje kama mwanamke msafi. Bibi alichuchumaa, akabisha, "Hodi mwenyewe," ndipo akaingiza mkonjo polepole. Hakuvunja shimo hata mara moja. Akikuta jike limelalia mayai alitoa mkonjo, akafunika pale kwa kijiwe, tukaenda zetu. Kisa chake ni kwamba shimo zima halikai tupu, ukimtoa huyu leo, bamvua lijalo kahamia mwingine. La kwanza likiitwa Mlangoni, kwa kuwa lilikuwa karibu na pwani. Kulikuwa na Bi Arusi, lililozungukwa na matumbawe ya zambarau. Kulikuwa na Kwa Mkunga, yule samaki mrefu wa meno makali, ambapo ulitazama mara tatu kabla ya kuingiza mkono usije ukatoka bila vidole. Na kulikuwa na Mkaidi, la ndani kabisa, pweza wake siku zote alikataa kutoka, na Bibi alimtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Pweza wake wa kwanza msichana hamli peke yake. Wangu nilimtoa Bi Arusi, akanizingira mkono wote mpaka begani, nikalia kwa hofu huku nacheka. Bibi akamponda juu ya jiwe mpaka akalainika, akapikwa na nazi, ndimu na pilipili, kisha nikatumwa na bakuli nyumba kwa nyumba. Mimi nikabakiwa na kichwa. Jirani yetu, mtu wa bara aliyekuwa akifanya kazi bandarini, alifungua bakuli akaruka nyuma. "Huyu ni mdudu!" alisema. "Mama, mimi sikuli mdudu!" Mwaka haukwisha alikuwa wa kwanza kuuliza bamvua ni lini.

Kitu kimoja zaidi, halafu nitakupeleka kwenye lile linaloniuma. Pale pwani, maji yakishatoka, chini ya jabali palibubujika maji ya pepo, maji matamu yasiyo na chumvi hata chembe. Yalitoka kwenye matundu ya jiwe, baridi kama ya mtungini. Tukirudi mwambani na kiu tulilala kifudifudi tukanywa, tukaosha miguu na pweza, Bibi akatia udhu. Tulidhani yanatoka peponi kweli. Hakuna aliyejiuliza yanapita wapi kabla ya kufika pale.

Yalikuwa yakipita chini yetu. Chini ya nyumba zetu, ndugu yangu, chini ya kila ua. Likoni yote imekaa juu ya jiwe la matumbawe ya kale, lina matundu na mapango, maji hayakai.

Nilipokuwa darasa la sita baba aliamua kujenga vyumba vya kupangisha nyuma ya nyumba. Watu walikuwa wakimiminika kutoka bara na kutoka vijijini, wanatafuta kazi bandarini na viwandani, na kila mwenye kipande cha ua alijenga. Vyumba vinataka choo. Akaletwa mchimbaji. Alichimba siku tatu, jiwe gumu linamtoa jasho na maneno, na siku ya nne sururu ikamponyoka, ikazama. Akapiga kelele, tukakimbilia ukingoni. Chini ya jiwe palikuwa na pango. Akadondosha kokoto, tukasikiliza, hatukusikia mwisho wake.

"Mzee, una bahati," alimwambia baba akipanda ngazi. "Hiki choo hakijai. Watakuja wajukuu zako, hakijai."

Jamani, ile furaha! Wewe fikiri, choo kisichojaa! Wenzetu walikuwa kila baada ya miaka michache wanafukia na kuchimba upya, au wanatafuta gari la kunyonya lisiloweza kuingia kwenye vichochoro vyetu, na uvundo wake wiki nzima. Sisi tumepata pango. Bibi mwenyewe alisonga halua. Mimi ndiye niliyeshika sinia la kahawa nikawapitishia majirani waliokuja kuchungulia. Kila mmoja alichungulia, akasema mashallah. Na kesho yake mchimbaji yule alikuwa na kazi ya mwaka mzima, kwa sababu mtaa wote ulimtaka awatafutie pango na wao. Walichimba hapa, wakikuta jiwe zima wanahamia pale, mpaka wapate tundu. Asiyepata alionewa huruma.

Hakuna aliyesema, na hayo yanakwenda wapi? Watu wazima wote wale, wenye akili zao, waliosoma na wasiosoma! Na mimi je, niliyekuwa nikinywa pale chini ya jabali? Sikuuliza. Nilipitisha kahawa.

Mambo hayakuharibika siku moja. Kwanza tulisikia yale maji ya pepo yana ladha ya kutu, tukaacha kunywa, tukaendelea kuosha miguu. Halafu miguu ikaanza kuwasha, watoto wakatoka vipele. Kisha kwenye vidimbwi vya karibu mkaota ukoga wa kijani, laini, unateleza. Mwaka uliofuata ukoga ule umekuwa mwani, mrefu kama nywele, umeyafunika matumbawe mpaka hujui rangi yake. Bibi aliuvuta kwa mikono, akaujaza kwenye kikapu na kuutupa ufuoni, bamvua baada ya bamvua, kama mtu anayepalilia shamba. Akigeukia huku, kule umeota. Mlangoni likawa la kwanza kukosa mwenyewe. Kulikuwa hakuna maganda mlangoni, hakuna vijiwe, kimya tu.

Tulimlaumu kila mtu. Tulilaumu hoteli na mabomba yao. Tulilaumu meli za bandarini na mafuta yake. Tulilaumu watalii na marashi wanayojipaka, tukalaumu watu wa bara, ati hawajui bahari. Baadhi ya hao labda walikuwa na sehemu yao, sibishi. Lakini kila jioni tuliokuwa tukilaumu hivyo tulikwenda uani kwenye choo kisichojaa, tukatoka, tukanawa mikono.

Halafu ukaja ule mwaka wa joto ambapo bahari ilikuwa kama chai ya kupoa. Matumbawe yote yakawa meupe, kuanzia kwetu mpaka huko kusini. Bibi aliporudi siku hiyo alilala na leso usoni. Nilisikia baadaye kwamba kwingine, penye maji safi, baadhi yaliamka, rangi ikarudi. Kwetu hayakuamka. Bibi alitoa pweza wake wa mwisho kwenye shimo la Mkaidi, mdogo, hakutosha bakuli moja. Mwaka uleule macho yake yakaingia ukungu, hakuteremka tena pwani, akiuliza habari za mwamba twamwambia umeamka, na nikishukuru Mungu kwa ugonjwa wa mtu basi nilishukuru kwa huo.

Nilichokuja kukijua kwa hakika nimekijua juzijuzi. Baba alikuwa ameshafariki, vyumba nimerithi mimi, nami nilikuwa nimelala kwa Bibi siku mbili za kukusanya kodi, akaja binti mmoja wa vipimo vya maji, mpole, amejifunga mtandio vizuri, akaomba ruhusa kumwaga rangi chooni. Nikamwambia mwaga, mwanangu, kwani chajaa? Akamimina rangi ya kijani, galoni nzima. Kesho yake maji yalipotoka akanipigia simu niteremke. Pale chini ya jabali, kwenye yale maji niliyokunywa nimelala kifudifudi, ilikuwa ikitoka rangi ya kijani. Kijani cha sharubati! Inabubujika, inashuka taratibu kwenye mchanga, inaingia mwambani.

Nikamuuliza inadhuru vipi, mbona ni mbolea tu, mbolea si huotesha? Akasema ndilo hasa. Tumbawe ni mnyama, mama, akaniambia, tena mnyama anayependa maji maskini, yasiyo na chakula kingi, yenye mwanga. Uchafu wa chooni unaushibisha mwani, mwani unakua kumshinda, unamziba jua na pumzi, vijana wake hawapati mahali pa kushika. Anabaki hai lakini dhaifu, na joto likija halimpati na nguvu ya kupona. Nikamkumbuka Bibi na mkonjo wake, kina roho, kina roho. Nikamuuliza binti nifanye nini. Akasema tangi la kuzibwa, na gari la kunyonya. Nikamwonyesha kichochoro chetu, hata mkokoteni hupita ubavu. Nikamwonyesha paa za jirani, zote vyumba, zote vyoo visivyojaa. Akafunga galoni lake. Nilimpa maji ya kunywa ya chupa, akaenda zake.

Sikumwambia Bibi. Ningemwambiaje? Na wale wapangaji, familia kumi na mbili, niwaambie wasiende haja? Nilikwenda mwenyewe jioni ileile.

Basi sasa unaelewa kwa nini simu ya juzi ilinikalisha chini. Nilikuwa nimeapa moyoni nitamwambia. Nilisema nitampeleka mtoto mwambani aone, kisha nitaketi miguuni kwa Bibi nimweleze yote, pango na rangi na mashimo, maana kumzika mtu na uongo ni dhambi. Tukavuka feri asubuhi. Bibi alikuwa barazani tayari, amevaa leso mpya, amemwekea mtoto mkonjo wake ukutani. Mtoto akamwamkia shikamoo, akapakatwa, akanuswa kichwani, akatajiwa majina yote tisa kabla hatujaondoka.

Tuliteremka sisi wawili tu. Hakukuwa na wanawake wanaoitana. Mwanangu alikuwa na furaha, amekunja suruali, anashika mkonjo kwa mikono miwili kama bendera. Nilimwambia apite kwenye mchanga asikanyage matumbawe. Akatazama huku na huku.

"Mama, matumbawe yako wapi?"

"Umesimama juu yake."

Akatazama miguu yake. Ilikuwa kijivu tupu, vipande vilivyovunjika, na mwani mweusi unaoteleza. Akashuka haraka, kama aliyekanyaga mswala kwa viatu, akasema samahani, sijui alimwambia nani. Nilimwonyesha Mlangoni, limejaa mchanga na nepi ya mtoto. Bi Arusi sikulipata kabisa, nilizunguka pale palepale mara nne. Mkaidi paa lake limeanguka. Mwanangu alichuchumaa kwenye kila moja, akabisha, "Hodi mwenyewe," kwa adabu kama alivyofundishwa, akangoja. Nilimwacha abishe. Tulipofika la saba nilikuwa nalia, akanishika mkono, akasema turudi mama, maji yaanza kujaa.

Bibi alitusikia tangu kichochoroni. "Nani huyo? Ndiye mwenye mashimo?" aliita.

"Abee, Bibi," akaitika mwanangu.

"Njoo hapa. Hebu nambie."

Niliketi kwenye mkeka. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Mtopanga. Nikasema, "Bibi, nataka nikueleze jambo," na kabla sijafika mbali mwanangu akanitangulia.

"Tumeyaona yote, Bibi," alisema. "Yote tisa."

"Yana wenyewe?"

"Yanao."

"Na Mkaidi? Alikuwamo?"

Mtoto alinitazama, macho yamejaa. Kisha akamgeukia. "Alikuwamo, Bibi. Amekataa kutoka."

Lo! Bibi alicheka mpaka akakohoa, akapiga paja lake, akamtukana Mkaidi lile tusi lake la zamani. Sijamsikia akicheka hivyo tangu kabla macho yake hayajaingia ukungu. Alimpapasa mtoto uso, akamwambia asijali, bamvua lijalo atatoka, asiharakishe tu, asivunje shimo. Nilifungua mdomo. Wallahi niliufungua. Halikutoka neno, na hadi leo halijatoka.

Kisha Bibi akainua mikono yake miwili, ile mikono iliyong'oa mwani miaka yote ile, akaomba dua. Akamshukuru Mola kwa kumhifadhia mwamba wake. Akaomba maji yabaki safi, na mashimo yasikose wenyewe mpaka kwa wajukuu wa mtoto huyu. Alipomaliza alibaki na mikono juu, akitungoja.

Mimi na mwanangu tukaitikia amina.